Watu wa Manupur na Hesabu Zao

Barabara kuu ya kale itokayo Delhi kwenda Amritsar hupita katika mji wa Khanna, wilaya ya Ludhiana, jimbo la Punjab, kaskazini ya India. Khanna ni mji wa soko la nafaka; wakati wa mavuno ya ngano magunia hupangwa kama vilima, na kila njia iingiayo mjini hujaa magari yatokayo mashambani. Pande zote za mji huo, juu ya nchi tambarare isiyo na mlima wala msitu, vimetawanyika vijiji vya wakulima, nyumba za kila kimoja zimesongamana pamoja katikati ya mashamba yake. Kimojawapo cha vijiji hivyo ni Manupur. Kwa sura yake hakina jambo la kukitofautisha na jirani zake. Hakikuwa makao ya mfalme wala uwanja wa vita vilivyotajwa vitabuni. Hata hivyo jina lake limesomwa katika vyuo vikuu vya mabara mengi, kwa sababu watu wake walihesabiwa, na baada ya kuhesabiwa wakaambiwa kwamba wanazaana kupita kiasi.

Habari za kijiji hiki zaleta swali ambalo wanafunzi wa historia hawana budi kulikabili. Watu wa mahali wakisemwa kuwa ni wengi mno, ni wengi kwa nani? Ni nani aliyewapima, kwa kipimo gani, na wao wenyewe walijionaje? Idadi ikiandikwa karatasini hufanana na jiwe: haina huruma wala upendeleo. Lakini mkono ulioiandika ni mkono wa mtu, na mtu ana shabaha yake.

Kuhesabiwa hakukuwa jambo geni kwa wanavijiji wa Punjab. Tangu zama za utawala wa Kiingereza kila mahali palikuwa na karani wa ardhi, aitwaye patwari, ambaye aliandika shamba la kila mtu, mipaka yake, zao lililopandwa na kodi iliyopasa kulipwa. Kadhalika alikuwako mlinzi wa kijiji, aitwaye chowkidar. Huyu, pamoja na kazi yake ya kukesha usiku, alipewa kitabu cha kuandikiwa vizazi na vifo, naye akakipeleka kila mara kituo cha polisi. Mara nyingi mlinzi mwenyewe hakujua kusoma. Alikariri habari moyoni, na mwingine akamwandikia. Basi si ajabu kwamba mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina aghalabu hakuingia kitabuni kabisa, wala wakati wa kuzaliwa wala wakati wa kufa. Binti naye alisahauliwa upesi kuliko mwana.

Juu ya hesabu hizo za kila siku ilikuwako sensa. Hesabu ya kwanza ya India nzima ilifanywa kwa vipande vipande na hujulikana kwa mwaka wa 1872. Ile ya 1881 ilikuwa ya kwanza kufanywa nchini kote kwa wakati mmoja, na tangu hapo ikarudiwa kila baada ya miaka kumi hata mwaka 2011. Nchi chache sana zilizotawaliwa na wageni zina mfululizo mrefu kama huo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba watawala hawakuwahesabu watu kwa kuwapenda. Walitaka kujua kodi itatoka wapi, askari watatoka wapi, na makabila na dini zimegawanyikaje. Punjab hasa ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya askari wa jeshi la Kihindi, na kwa hiyo wanaume wa Punjab walihesabiwa kwa uangalifu.

Mtu akizisoma hesabu hizo za zamani haoni umati unaoongezeka bila kikomo, bali huona watu wanaopigwa na mauti mara kwa mara. Tauni iliingia Bombay mwaka 1896, na mwaka uliofuata ikaonekana Punjab, katika kijiji cha Khatkar Kalan, wilaya ya Jullundur iliyo jirani ya Ludhiana. Hapana jimbo lililoumia kuliko hilo. Kati ya 1901 na 1911 watu wapatao milioni mbili walikufa kwa tauni katika Punjab, na sensa ya 1911 ikakuta watu wa jimbo ni wachache kuliko walivyokuwa miaka kumi nyuma. Kabla ya majeraha hayo hayajapona, mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali ulioizunguka dunia. Katika India yote uliua watu wasiopungua milioni kumi na mbili. Hata sensa ya 1921 ilipofanywa, idadi ya watu wa nchi nzima, takriban milioni 251, ilikuwa imepungua kidogo kuliko ile ya 1911. Wataalamu wa elimu hii huuita mwaka 1921 mpaka mkuu, kwa kuwa tangu hapo idadi haikushuka tena. Mwaka 1951 ilikuwa imefika milioni 361.

Basi mzee wa Manupur aliyekuwa na umri wa miaka sitini hapo 1951 alikuwa amezaliwa kabla ya tauni. Alikuwa ameshuhudia zama ambazo nyumba ilijaa watoto asubuhi na kubaki tupu jioni. Kumbukumbu hiyo haikuandikwa kitabuni na mlinzi wa kijiji, lakini ilikaa katika mioyo ya watu, na iliwafundisha kwamba mwenye wana wawili ana mmoja, na mwenye mmoja hana.

Mauti hayakuwa sababu pekee ya kubadilika kwa idadi. Mwaka 1947 nchi ikagawanywa kuwa India na Pakistan, na mpaka ukapita katikati ya Punjab. Katika wilaya ya Ludhiana zaidi ya theluthi moja ya watu walikuwa Waislamu wakati wa sensa ya 1941. Katika muda wa miezi michache karibu wote waliondoka, wakaelekea magharibi kwa miguu, kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa garimoshi, na wengi waliuawa njiani. Kutoka upande wa pili wakaja Wahindu na Masingasinga, nao wamefukuzwa na kuuawa vivyo hivyo. Ni Malerkotla tu, mji mdogo ulio jirani, ambako Waislamu walibaki kwa wingi katika makao yao. Sensa ya 1951 ilikuta vijiji vimejaa tena, lakini wengi wa waliovijaza hawakuwa watu wale wale. Mtu akitazama jumla peke yake, asome kwamba kijiji kilikuwa na watu kadha mwaka 1941 na kadha mwaka 1951, hatatambua kwamba baina ya tarakimu hizo mbili ulipita msiba usio na kifani. Jumla yaweza kuficha kaburi.

Wako pia waliohama kwa hiari, au kwa kusukumwa na uhaba wa ardhi. Hapa ndipo historia ya vijiji vya Punjab inapokutana na historia ya Afrika ya Mashariki. Baina ya 1896 na 1901, wakati wa kujengwa kwa reli ya kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wengi wao walikuwa watu wa Punjab. Takriban 2,500 walikufa, wengi walirudi kwao, na wapatao 6,700 walibaki. Baada yao wakafuata maseremala, wahunzi na waashi wa Kisingasinga, ambao kazi za mikono yao zaonekana mpaka leo katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya zamani. Kwa kijiji kilichowazaa, kuhama kwao kulikuwa ni kupungua kwa vinywa, na pia kufunguka kwa mfereji wa fedha. Mwana aliyekwenda Mombasa alihesabika kuwa hayupo. Lakini nyumba ya matofali aliyomjengea baba yake ilikuwapo.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa wakati India huru ilipoanza kujipangia mambo yake. Wakuu wa serikali mpya, pamoja na wataalamu wa Ulaya na Marekani, waliona kwamba vifo vilikuwa vikipungua kwa sababu ya dawa, chanjo na vita dhidi ya malaria, hali vizazi vilibaki vilevile. Wakaogopa kwamba chakula hakitatosha. Mwaka 1952 India ikawa nchi ya kwanza duniani kuanzisha mpango wa serikali wa kuwashauri watu wapunguze uzazi. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika kama watu wa mashambani wangeukubali ushauri huo. Ndipo Chuo Kikuu cha Harvard, kwa fedha za Rockefeller Foundation na kwa msaada wa serikali ya India, kikaamua kufanya uchunguzi mahali pamoja, kwa utaratibu na kwa miaka kadha. Mahali palipochaguliwa ni vijiji vya Khanna.

Uchunguzi huo ulitangulizwa na majaribio mwaka 1953 na kukamilika mwaka 1960. Uliongozwa na madaktari John B. Wyon na John E. Gordon, na vijiji saba, vyenye jumla ya watu wapatao 8,000, vikatiwa katika jaribio. Vingine vikaachwa bila kushawishiwa, ili viwe kipimo cha kulinganisha. Manupur kilikuwa miongoni mwa vile saba. Wafanyakazi wa uchunguzi walichora ramani ya kila kijiji, wakaandika kila nyumba na kila aliyelala ndani yake, kisha wakawa wakizuru watu wa ndoa mwezi baada ya mwezi, wakiuliza habari za hedhi, mimba, kuzaliwa, maradhi na kufa. Haielekei kwamba hapo kabla wakulima wowote wa India walipata kuulizwa mambo yao ya ndani kwa bidii namna ile. Dawa waliyopewa ilikuwa hasa vidonge vya povu vya kuzuia mimba, ambavyo mwanamke hana budi kuvitumia kabla ya tendo la ndoa. Kazi yote iligharimu takriban dola milioni moja.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba fedha hizo zilipotea bure. Kutokana na kazi hiyo elimu ya maradhi ya watoto ilisonga mbele. Gordon na wenzake walionyesha jinsi mtoto wa maskini anavyoangamia wakati wa kuachishwa ziwa, anapoanza kulishwa vyakula vichafu na vichache, tumbo likaanza kumwendesha na mwili ukakonda mpaka ugonjwa mdogo ukamwondoa. Tangu hapo maradhi hayo ya kuhara wakati wa kuachishwa ziwa yakapata jina lake katika vitabu vya uganga. Lakini katika shabaha yake kuu uchunguzi haukufaulu. Watafiti waliporudi mwaka 1969 waliona kwamba vizazi vimeshuka, kutoka takriban 40 kwa kila watu 1,000 mwaka 1957 hadi 35 mwaka 1968. Ila vilikuwa vimeshuka vivyo hivyo katika vijiji visivyopewa ushauri wowote. Sababu haikuwa vidonge. Sababu iliyoonekana ni kwamba wasichana walikuwa wakichelewa kuolewa: mwaka 1956 waliolewa wakiwa na wastani wa miaka 17 na nusu, na mwaka 1969 wastani ulikuwa umepita miaka 20. Wanavijiji walikuwa wameupunguza uzazi kwa njia yao wenyewe, bila ya kumwuliza mtu.

Kitabu cha Wyon na Gordon kilitoka mwaka 1971. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu kingine, kidogo kwa umbo na kikali kwa hoja, kuhusu Manupur peke yake. Mwandishi wake alikuwa Mahmood Mamdani, kijana aliyezaliwa Bombay mwaka 1946 na kukulia Kampala. Alikuwa amekwenda Manupur kuuliza swali ambalo waliomtangulia hawakuliuliza vya kutosha. Wao walitaka kujua kwa nini wanavijiji hawazifuati faida zao. Yeye alitaka kujua faida zao ni zipi.

Majibu aliyoyapata yalitoka katika ardhi na kazi. Wenye mashamba wa Manupur walikuwa watu wa ukoo wa Jat, na wengi wao walikuwa na eka chache. Mkulima wa namna hiyo hana uwezo wa kuajiri vibarua mwaka mzima wala wa kununua trekta. Akiwa na wana watatu au wanne, hao ndio vibarua wake: mmoja hulisha ng'ombe, mmoja humwagilia maji, mwingine hulima na baba. Akiwa na bahati, mmoja ataajiriwa mjini au jeshini na kuleta fedha za kununulia shamba la jirani. Mtaalamu aliyetoka mbali aliona kwamba baba akiwa na wana wengi, shamba litagawanywa vipande vidogo atakapokufa. Baba mwenyewe alijua kwamba bila wana hao shamba laweza kumtoka kabla hajafa.

Chini ya Jat walikuwako wasio na ardhi: vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa ngozi, wale walioitwa achut, yaani wasioguswa. Katiba ya India ya 1950 iliharamisha ubaguzi huo, lakini haikuwapa shamba. Kwa mtu asiye na kitu ila mikono yake, kila mtoto ni jozi nyingine ya mikono. Mtoto mdogo huchunga, hukata majani, hukusanya samadi. Akikua hupokea ujira wa mavuno. Na baba akizeeka hana akiba, hana malipo ya uzeeni, hana ila mwanawe. Kumwambia mtu kama huyo kwamba umaskini wake umeletwa na wingi wa watoto ni kuigeuza habari miguu juu. Kwa maoni ya Mamdani, watu wa Manupur hawakuwa maskini kwa sababu ya kuwa na jamaa kubwa. Walihitaji jamaa kubwa kwa sababu ya kuwa maskini. Waswahili wasema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena ilidhihirika namna vidonge vilivyopokewa. Wengi walivichukua, wakashukuru, kisha wasivitumie. Hawakuwa na nia ya kudanganya. Wageni walikuwa wametoka nchi za mbali, walikuwa na adabu, walikaa na watu na kuwatibu. Ingekuwa ufidhuli kukirudisha kitu kidogo walichokitoa kwa mikono miwili. Mtu mmoja aliviweka visanduku na chupa zake akavipanga pamoja vikawa kama sanamu ya pambo nyumbani mwake. Katika madaftari ya uchunguzi kupokea kulifanana na kukubali. Tarakimu zilikuwa sahihi, maana vidonge vilipokewa kweli. Kilichokosewa ni maana yake.

Funzo hilo halikuwafikia wakubwa kwa wakati. Kuanzia 1975 hadi 1977, zama za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Indira Gandhi, maofisa walipangiwa idadi ya watu wa kufungwa uzazi, na mahali pengi maskini walishurutishwa kwa vitisho au kwa kunyimwa haki zao. Katika mwaka wa serikali wa 1976–77 peke yake watu zaidi ya milioni 8 walifungwa uzazi. Ghadhabu iliyotokana na mambo hayo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoiangusha serikali katika uchaguzi wa 1977. Mpango ulioanza kwa kushauri ulikuwa umefika mahali pa kulazimisha, na njia baina ya hayo mawili ilikuwa fupi kuliko ilivyodhaniwa: mtu akiaminishwa kwamba wengine hawaujui wema wao wenyewe, haoni tabu kuwatendea wema huo kwa nguvu.

Mpaka hapa habari yaweza kuonekana kuwa ya wageni wakosaji na wanakijiji wenye hekima. Lakini mwanahistoria hapaswi kutosheka upesi. Hesabu ya faida aliyoieleza Mamdani ilikuwa hesabu ya wana. Binti hakuwamo, au alikuwamo upande wa hasara. Katika desturi za Punjab binti huolewa kijiji kingine, huondoka na mahari ambayo baba yake ndiye aitoaye, na kazi ya mikono yake huwa ni mali ya nyumba ya mumewe. Faida iliyomfanya baba atake mwana wa nne ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya asihuzunike sana kwa kumkosa binti wa pili.

Jambo hili lina historia ndefu. Watawala wa Kiingereza walikuta baadhi ya koo zikiua watoto wa kike, na mwaka 1870 wakatunga sheria ya kukataza. Kuua kwa mkono kulipungua. Kuua kwa kuacha hakukukoma. Madaftari ya Khanna yenyewe yalionyesha kwamba wasichana wadogo walikufa kuliko wavulana, na watafiti hao waliandika mwaka 1962 kwamba katika ugonjwa wa mauti mvulana alitafutiwa mganga bora kuliko msichana. Mwaka 1984 mtaalamu Monica Das Gupta alivirudia vijiji vile vile, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1987 yaliwashtua wasomaji wake. Si mabinti wote walioachwa. Binti wa kwanza alitunzwa karibu sawa na kaka yake. Aliyekuwa hatarini ni binti aliyezaliwa katika nyumba ambamo dada yake yu hai tayari. Na tofauti hiyo ya nani ametangulia kuzaliwa ilikuwa na nguvu kuliko tofauti ya mali baina ya nyumba na nyumba. Kwa hiyo umaskini peke yake hauwezi kulaumiwa.

Wakati jamaa zilipokuwa kubwa, wazazi walipata wana waliowataka kwa kuzaa sana, na mabinti wakazaliwa pamoja nao. Jamaa zilipopungua, kila nafasi ikawa na thamani, na binti wa pili akazibiwa mlango. Kisha vikaja vyombo vya kumwonyesha mtoto tumboni, na kilichokuwa kikifanyika polepole kikafanyika mara moja. Sheria ya kukataza kupima mimba kwa ajili ya kumjua mtoto ni mume au mke ilitungwa mwaka 1994. Hata hivyo sensa ya 2001 ilikuta kwamba katika Punjab, kwa kila wavulana 1,000 walio chini ya miaka saba, wasichana walikuwa 798 tu. Katika Fatehgarh Sahib, wilaya inayopakana na Khanna, walikuwa 766, hesabu ya chini kuliko wilaya zote za India mwaka huo. Kufikia 2011 hesabu ya jimbo ilikuwa imepanda hata 846. Ni nafuu, lakini bado ni pengo kubwa.

Hapo ndipo panapoonekana kwamba pande zote mbili za mabishano ya zamani zilikuwa zimepungukiwa. Waliotaka uzazi upungue walidhani kwamba jamaa ndogo ni heri yenyewe. Vizazi vikapungua, na upungufu huo ukalipiwa na wasichana. Aliyeitetea hekima ya mkulima alisema kweli kwamba mkulima huyajua maslahi yake. Lakini nyumba si mtu mmoja, na maslahi ya mwenye nyumba si lazima yawe maslahi ya kila aliyemo. Mama aliyezaa mara nane, na binti aliyeachwa bila dawa, nao walikuwa watu wa Manupur.

Siku hizi hofu ya 1952 imekwisha kugeuka. Kuanzia kati ya miaka ya 1960 ngano mpya ya bua fupi, visima vya mashine na mbolea vilibadili kilimo cha Ludhiana kabisa. Trekta lilifanya kazi ya wana watatu, shule ikamfanya mtoto awe gharama badala ya msaada, na watoto wakaacha kufa kwa wingi. Uchunguzi wa taifa wa 2019–21 ulionyesha kwamba mwanamke wa Punjab huzaa kwa wastani watoto 1.6, chini ya kiasi kinachohitajiwa ili watu wajae mahali pa wazazi wao. Vijana wengi huenda Kanada, Uingereza na Australia, na kazi za mavuno hufanywa na vibarua watokao Bihar na Uttar Pradesh. Kwa jambo hili Mamdani alishuhudiwa na wakati: hali ilipobadilika watu walibadilika, wala hawakungoja kuhubiriwa.

Yapo mambo ya kukumbuka upande huu wa bahari pia. Mwaka ule ule wa 1972 kilipotoka kitabu juu ya Manupur, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke katika siku 90. Kwa hesabu ya mtawala huyo wao nao walikuwa wamezidi. Makumi ya maelfu walifukuzwa, na miongoni mwao wazao wa mafundi wa Punjab, na Mamdani mwenyewe, ambaye baada ya kukaa ukimbizini Uingereza alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Mtu aliyekuwa ameandika juu ya watu walioambiwa kuwa wamezidi, alijikuta yu miongoni mwa watu walioambiwa vivyo hivyo.

Sensa ya India iliyopasa kufanywa mwaka 2021 iliahirishwa, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba hesabu itakuwa ya Machi 2027, na kwamba koo na matabaka yote yataandikwa tena, jambo lisilofanywa kwa ukamilifu katika sensa tangu 1931. Makarani watafika Manupur kama walivyofika wengine kabla yao, watabisha hodi, watauliza ni wangapi waliolala nyumbani. Yafaa wajibiwe kweli, kwa maana nchi isiyojihesabu haiwezi kujitunza. Lakini watakaozisoma tarakimu hizo hawana budi kuuliza maswali mawili kwa kila jumla: kwanza, nani anayesema kwamba hawa ni wengi au wachache, na pili, ni nani ambaye angalikuwamo humu, naye hayumo.